Kuivisha na Kuhifadhi Bia ya Nyumbani Chupani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Joto

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyepika bia ya shayiri nyumbani, lita 20 au hivi, akaijaza chupani pamoja na sukari kidogo, kisha akabaki anajiuliza aiweke wapi. Maelekezo mengi ya kazi hii yametungwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ni kutafuta joto. Shida yetu, hasa sisi wa Pwani, ni kulikimbia. Nyuzi zote zilizotajwa hapa ni za Sentigredi.

## Misingi

1. Kuivisha bia chupani maana yake ni nini?

Bia inapomaliza kuchacha kwenye ndoo huwa na gesi kidogo tu, lakini bado ina hamira hai ndani yake hata ikionekana imetulia na kung'aa. Mpishi huiongezea sukari iliyopimwa, huijaza chupani na kuifunga kwa kizibo. Hamira hula sukari hiyo na kutoa hewa ya ukaa, na kwa kuwa gesi haina pa kutokea, huyeyuka ndani ya bia. Hatua hiyo ya kwanza ni ya kujaza gesi. Hatua ya pili ni ya kukomaa: ukali wa bia changa hulainika, hamira hushuka na kulala chini kama mashapo, na harufu za kimea na hopsi, yaani maua makavu yanayoipa bia uchungu na harufu yake, hukaa mahali pake. Hatua hizi mbili hazitaki joto moja, na wengi wanaoharibikiwa huharibikiwa kwa sababu wamezifanya kuwa kitu kimoja.

2. Joto sahihi ni lipi basi?

Kwa kujaza gesi, ikiwa umetumia hamira ya eli, yaani ile inayofanya kazi katika joto la kawaida la chumba, lenga nyuzi 20 hadi 24 kwa wiki mbili. Nyuzi 18 zinafaa pia ila kazi huenda taratibu. Chini ya nyuzi 15 hamira nyingi za aina hii husinzia. Nyuzi 27 au 28 si maafa katika hatua hii. Joto kali huharibu ladha zaidi wakati wa uchachuaji mkuu kwenye ndoo, ambapo hamira inakula sukari nyingi, kuliko chupani inapokula gramu sita au saba tu kwa lita.

Baada ya gesi kujaa, kila nyuzi unayoipunguza ni faida. Nyuzi 10 hadi 13 ni pazuri sana, na friji ya nyuzi 3 hadi 5 ni pazuri zaidi kama lengo lako ni kuitunza bia isibadilike. Joto la kunywea ni jambo la tatu, na lisichanganywe na haya. Mhudumu wa baa akikuuliza kama unataka ya baridi au ya moto, hiyo "ya moto" ni ile tu ambayo haijaingia kwenye friji, na kwa Dar es Salaam ya Februari hiyo ni bia ya nyuzi 30.

3. Nisubiri siku ngapi, na nitajuaje kwamba gesi imejaa?

Kwa bia ya kawaida, yenye kilevi cha asilimia 4 hadi 6, siku 14 katika joto lililotajwa hapo juu hutosha. Katika nyuzi 27 siku saba hadi kumi zinaweza kutosha. Njia rahisi ya kujua ni kujaza chupa moja ya plastiki ya soda, iliyosafishwa vizuri, kwa bia ileile ya siku ileile, na kuiweka pamoja na nyingine. Ibonye kwa kidole gumba kila siku mbili. Mwanzoni hubonyea kama chupa ya maji. Ikifika mahali imekuwa ngumu kama soda mpya iliyotoka dukani, gesi imejaa. Chupa hiyo inywe mapema, kwa sababu plastiki hupitisha hewa na bia yake huchoka kabla ya zile za kioo.

Kabla ya kufungua chupa ya kwanza ya kioo, iweke kwenye friji saa 24 angalau, na saa 48 ikiwezekana. Baridi huifanya gesi iliyo shingoni iyeyuke ndani ya bia na mashapo yashikamane chini. Anayeonja baada ya saa moja ya friji hupata povu jingi juu na bia iliyopooza chini, halafu hulaumu sukari.

4. Mbona bia ya dukani hukaa rafuni miezi bila friji, na yangu mnaniambia niikimbizie baridi?

Bia nyingi za viwandani huchujwa hadi hamira iondoke, kisha hupashwa moto wa karibu nyuzi 60 ili kuua vijidudu, na mitambo ya kiwanda huingiza oksijeni kidogo sana chupani. Yako ni hai. Hamira yake husaidia kula sehemu ya oksijeni uliyoingiza, na hilo ni jema, lakini hamira hiyohiyo ikikaa kwenye joto kwa miezi hufa na kumwaga vilivyomo ndani yake. Hata hiyo ya dukani huzeeka kwenye joto. Tofauti ni kwamba imeanza safari ikiwa na akiba kubwa kuliko yako.

## Sukari, gesi na chupa

5. Niweke sukari kiasi gani, na joto linahusikaje?

Joto linahusika kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Bia iliyomaliza kuchacha tayari ina gesi fulani iliyoyeyuka, na kadiri ilivyokuwa ya moto ndivyo gesi hiyo ilivyo chache. Iliyomaliza katika nyuzi 20 hubaki na karibu gramu 1.7 za gesi kwa lita. Iliyomaliza katika nyuzi 28 hubaki na karibu gramu 1.35. Kila gramu ya sukari ya mezani hutoa takribani nusu gramu ya gesi. Kwa hiyo, ili kufikia gramu 4.8 kwa lita, kiasi kinachofaa bia nyingi, lita 20 zilizochachia kwenye nyuzi 20 huhitaji karibu gramu 120 za sukari, na zilizochachia kwenye nyuzi 28 huhitaji karibu gramu 135.

Kinachohesabiwa ni joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia baada ya kumaliza kuchacha, si joto la saa ya kujaza chupa. Ukiipoza ndoo kwenye friji siku mbili ili iwe safi, gesi iliyokwisha kutoroka hairudi.

Pima kwa mizani ya jikoni, si kwa kijiko. Chemsha sukari kwenye kikombe kimoja cha maji, iache ipoe, imimine kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira, polepole, bila kuirusharusha. Kutia kijiko kimoja kimoja kwenye kila chupa huzaa chupa zisizolingana, na hiyo iliyopata kijiko cha mlima ndiyo utakayoisoma kwenye swali la 7.

6. Nitajuaje kwamba bia imemaliza kuchacha kabla ya kuijaza?

Kwa haidromita, yaani kipimo kinachoelea ndani ya bia na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji (maji ni 1.000, na namba hushuka kadiri sukari inavyoliwa), si kwa kuhesabu siku wala kwa kutazama mapovu. Vipimo viwili vilivyolingana, vilivyotengana kwa siku tatu, ndiyo dalili ya kuaminika. Hapa kwetu kuna mtego: haidromita nyingi zimepangwa kusomwa kwenye nyuzi 20, na katika nyuzi 30 husoma chini ya ukweli kwa karibu 0.002 hadi 0.003. Ukipima mara ya kwanza saa tisa alasiri bia ikiwa ya moto, na mara ya pili alfajiri ikiwa imepoa, kushuka halisi kunaweza kufichwa na tofauti ya joto, nawe ukadhani vipimo vimelingana. Pima saa ileile siku zote mbili, au poza sampuli kwanza hadi nyuzi 20.

7. Kwa nini chupa hupasuka?

Kwa sababu tatu: bia haikumaliza kuchacha, sukari ilizidi, au vijidudu vimeingia na vinakula yale ambayo hamira iliyaacha. Kila 0.001 inayoshuka kwenye haidromita baada ya kufunga huongeza karibu gramu moja ya gesi kwa lita. Kwa hiyo bia iliyofungwa ikiwa na 0.004 za ziada, juu ya sukari yake ya kawaida, itakaribia gramu 9 kwa lita, na chupa ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Joto huchochea mambo kwa njia mbili. Huiamsha hamira iliyokuwa imelala, na huisukuma gesi itoke kwenye bia ikakae shingoni. Bia yenye gesi ya kawaida husukuma chupa kwa karibu bar 2 katika nyuzi 20, sawa na tairi la gari dogo. Katika nyuzi 35 husukuma kwa zaidi ya bar 3. Kwenye friji haifiki bar 1. Chupa yenye ufa mdogo inaweza kuvumilia hali moja na kushindwa na nyingine.

Mimi nililijifunza hili Dar es Salaam, mwezi wa Februari, baada ya kujaza chupa kabla bia haijatulia na kuzipanga kwenye stoo ya mabati. Siku ya kumi na mbili, saa nane usiku, ulitoka mlio mmoja, na kabla sijafika mlangoni ukatoka wa pili. Vipande vya kioo vilikuwa vimejikita kwenye gunia la mchele lililokuwa mita mbili mbali. Shingo ya chupa moja niliikuta nzima sakafuni, kizibo bado kimeing'ang'ania.

Ukishuku kwamba chupa zako zimezidi gesi, usizitikise wala usizifungue zikiwa za moto. Vaa miwani na glavu nene, zifunike kwa taulo nzito lililolowa, zihamishie kwenye friji kwa utaratibu, na uzifungue juu ya sinki zikiwa baridi kabisa.

8. Chupa gani zinafaa?

Chupa nzito za kahawia za bia, zile zinazorudishwa kiwandani na kutumika tena, ndizo bora tulizo nazo. Kumbuka tu kuwa ni za dhamana, na uzilipie. Chupa nyepesi za kutupwa, chupa za mvinyo zisizo za kutoa povu, na chupa za mraba za mapambo hazifai. Shingo zenye nyuzi za kusokota hazishiki vizuri kizibo cha kubana. Acha nafasi ya sentimita mbili hadi tatu shingoni.

## Mahali pa kuweka

9. Naishi Pwani na sina kiyoyozi. Nifanye nini?

Anza kwa kuichunguza nyumba yako kwa kipimajoto, na usiamini ngozi yako. Kiweke sehemu tano tofauti, sikuzote saa tisa alasiri na tena alfajiri. Utashangaa: chini ya kitanda, kwenye sakafu ya saruji ya chumba cha ndani kisicho na ukuta unaopigwa na jua la jioni, panaweza kuwa nyuzi nne au tano chini ya juu ya kabati la jikoni, na mabadiliko ya mchana na usiku huwa madogo. Stoo ya mabati, darini, na nyuma ya friji, ambako mtambo hutoa joto, havifai kabisa.

Kisha tumia maji. Simamisha chupa kwenye beseni pana au nusu pipa la plastiki, jaza maji hadi karibu na mabega ya chupa, zifunike kwa kanga kuukuu au gunia safi ambalo ncha zake zinazama majini, na ikiwezekana elekeza feni hapo. Kitambaa hunyonya maji, maji hukauka hewani, na kukauka huko huchukua joto, kama mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Kwa kuwa hewa ya Pwani ina unyevu mwingi, usitarajie zaidi ya nyuzi mbili au tatu. Dodoma, kwenye hewa kavu, utapata zaidi. Faida kubwa ya beseni, kwa maoni yangu, si hata huko kupoza, ni kwamba maji mengi hayabadiliki joto haraka, hivyo bia hailijui jua la saa nane. Usizamishe vizibo; huota kutu.

Anayetaka nyuzi 20 kamili atumie sanduku la kutunzia barafu, kama lile la wauza samaki, na chupa mbili za maji yaliyogandishwa, akizibadilisha asubuhi na jioni. Kazi hiyo inawezekana kwa wiki mbili, lakini kwa miezi inachosha. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mtu wa Pwani ni kupika kidogo mara nyingi: lita 10 zinazoweza kuingia zote kwenye friji gesi ikishajaa ni bora kuliko lita 25 zinazozeekea sakafuni. Anayetaka kutunza akiba ndefu aipike Juni au Julai, ambapo usiku hushuka hadi karibu nyuzi 20.

10. Naishi Njombe, na Julai chumba changu ni nyuzi 12. Bia itaiva kweli?

Itaiva, ila taratibu mno, na huenda ikasimama njiani. Kwa wiki mbili za kwanza zipe chupa joto: zipange kwenye kreti, zifunike kwa blanketi, uziweke jikoni upande wa pili wa ukuta wa jiko, mbali na moto wenyewe. Zikishajaa gesi zirudishe kwenye chumba chako cha nyuzi 12, ambacho watu wa Tanga wangekilipia kodi.

11. Friji yangu haitoshi chupa 40. Nizipe zipi kipaumbele?

Zenye hopsi nyingi kwanza, kwa sababu harufu ya hopsi ndiyo inayotoroka mapema. Zifuate bia nyepesi za rangi ya dhahabu. Bia nyeusi na bia kali zinaweza kusubiri nje, mahali pa ubaridi kuliko pote katika nyumba.

12. Umeme hukatika mara kwa mara. Bia ikipoa, ikapata joto, ikapoa tena, imeharibika?

Hapana. Imani kwamba bia iliyotoka kwenye friji haifai kurudishwa haina msingi. Kinachoizeesha bia ni jumla ya muda iliokaa kwenye joto, si idadi ya safari. Mgao wa saa sita haumtishi mtu. Friji iliyofungwa vizuri na kujaa chupa hubaki baridi muda mrefu. Mashapo yakitibuka, yape siku mbili yatulie.

13. Mwanga una neno?

Una neno kubwa, na hufanya kazi haraka kuliko joto. Mwanga wa jua huvunja viambato chungu vya hopsi na kuzaa harufu inayofanana na ya kicheche, wakati mwingine ndani ya dakika chache tu kwa chupa nyeupe. Kahawia hukinga vizuri, kijani hukinga kidogo. Hata kahawia ifunike.

14. Zisimame au zilale?

Zisimame. Mashapo yatulie chini, si ubavuni.

15. Bia yangu itakaa muda gani?

Wafanyabiashara wa bia wa Marekani wana kanuni ya kukadiria iitwayo 3-30-300: siku 3 katika nyuzi 32 huizeesha bia sawa na siku 30 katika nyuzi 22, au siku 300 katika nyuzi 3. Si sheria ya maumbile, na bia yenye hamira hai huvumilia kidogo zaidi, lakini uwiano wake unaonyesha tatizo letu wazi. Kwa bia ya kawaida iliyofungwa kwa uangalifu, nakadiria miezi miwili ya ubora katika nyuzi 25, na nusu mwaka au zaidi kwenye friji. Andika tarehe juu ya kizibo kwa kalamu isiyofutika.

## Mambo yakienda kombo

16. Wiki tatu zimepita na bia haina gesi.

Angalia kwanza joto (swali la 2), kisha kama ulisahau sukari, kisha vizibo. Geuza chupa moja juu chini ndani ya maji na kuibana kidogo kizibo; vipovu vikitoka, mashine yako haibani sawasawa. Kama yote ni sawa, pindua chupa taratibu ili hamira itibuke, ziweke kwenye nyuzi 22 hadi 24, na ungoje siku kumi zaidi. Kuongeza sukari kwenye chupa zilizokwisha kufungwa ni hatari, na mara nyingi hakukuwa na haja.

17. Bia hufoka nikifungua.

Ikiwa hufoka ikiwa ya moto na kutulia ikiwa baridi, hakuna ugonjwa, ipoze. Ikiwa chupa zote hufoka hata zikiwa baridi, sukari ilizidi au bia ilifungwa mapema. Ikiwa ni chupa moja moja, na hali inazidi kila wiki pamoja na uchachu na utando mwembamba shingoni, vijidudu vimeingia kutokana na chupa chafu. Rudi kwenye swali la 7 kabla ya kuzigusa.

18. Ladha imebadilika. Ni joto?

Ladha ya karatasi iliyolowa au boksi la zamani ni oksijeni ikisaidiwa na joto. Ladha ya mchuzi wa nyama au sosi ya soya ni hamira iliyokufa kwenye joto. Harufu ya siagi au tofaa bichi katika wiki ya kwanza ni uchanga tu; acha chupa kwenye joto la chumba wiki moja zaidi, kwa sababu hamira ndiyo inayosafisha harufu hizo na haifanyi hivyo ikiwa imegandishwa.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nimepika lager. Niijaze gesi kwenye baridi?

Lager ni bia ya hamira inayochacha kwenye baridi, tofauti na ile ya eli. Neno lenyewe limetokana na kitenzi cha Kijerumani chenye maana ya kuweka ghalani, na baridi ya nyuzi 0 hadi 4 kwa wiki kadhaa ndiyo inayoipa ulaini wake. Hata hivyo gesi ijaze kwanza katika nyuzi 18 hadi 20, kisha upeleke chupa baridini.

20. Bia yangu ina kilevi cha asilimia 9.

Hamira yake imechoka. Wakati wa kujaza ongeza gramu mbili za hamira kavu mpya ya bia kwa lita 20, na utarajie wiki sita au zaidi. Hii ndiyo bia pekee ambayo napenda ikae mwaka.

21. Nairobi iko juu. Mwinuko unabadilisha chochote?

Kidogo. Kwenye takribani mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni mdogo, hivyo bia inayomaliza kuchacha huko hubaki na gesi pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa yenye joto lilelile. Ongeza karibu gramu 12 za sukari kwa lita 20 juu ya hesabu ya swali la 5.

22. Ninawezaje kusafirisha chupa?

Safiri usiku au alfajiri, chupa zikiwa baridi, zimesimama, zimefungwa kwa magazeti. Gari lililoegeshwa juani hupita nyuzi 50 ndani, na hapo hesabu ya swali la 7 huwa mbaya. Ukifika, zipumzishe siku tatu.

23. Je, naweza kuifunga mbege, busaa au rubisi chupani kwa njia hii?

Usijaribu. Pombe hizi hunywewa zikiwa bado zinachacha, zina hamira na bakteria wa aina nyingi, na mbege ya Wachaga ina wanga wa ulezi na sukari ya ndizi ambayo haijaisha. Hakuna kipimo cha haidromita kitakachokuambia zimemaliza. Kizibo cha chuma juu ya kitu kama hicho ni bomu. Zina mitungi na vibuyu vyake, na siku zake.

24. Nilisahau chupa kwenye friza.

Bia ya asilimia 5 huanza kuganda karibu na nyuzi 2 hadi 3 chini ya sifuri, na ikiganda hutanuka. Ikiwa kioo ni kizima, isogeze kwenye sehemu ya kawaida ya friji iyeyuke humo, ndani ya ndoo, huku imefunikwa. Chunguza shingo kwenye mwanga kabla ya kumimina, na ukiona mstari wowote kwenye kioo, mwaga bia yote.